Kile Kicheko cha Makaburini

Nyumba ya nyuma ya karakana ya mageti,
S.L.P. 218.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limekuonea huruma siku hizi. Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, presha yake inapanda na kushuka kama kawaida, na bado anabishana na kila daktari anayemwambia apunguze chumvi. Mke wangu anakusalimu sana. Watoto ni wawili sasa. Hujawaona bado. Wa pili ana meno manne na anauma kila kinachopita karibu.

Anwani yako nimeipata kwa binamu yule mwenye duka la vioo. Nilimwomba namba yako ya simu akakataa katakata, akasema hukumruhusu kuitoa, ila kuhusu anwani ya posta hukumwambia kitu. Nikaona afadhali hata hivyo. Haya ninayotaka kukwambia, kwa simu ningeyaruka.

Habari yenyewe ni ya mdogo wangu Kitinda. Usishtuke, yuko hai, na ninavyoandika hapa namsikia chumba cha pili akigombana na cherehani. Lakini alikuwa mgonjwa, Shangazi. Alikuwa mgonjwa tangu ana miaka mitatu, na sisi tuliokula naye sahani moja hatukujua. Ana kifafa. Kile kicheko chake, kile kilichokukera wewe na kila mtu, ndicho kifafa chenyewe.

Najua utaisoma sentensi hiyo mara mbili. Mimi nilimfanya daktari airudie mara tatu.

Ilianza hivi. Mwaka juzi, mwezi wa nane, Kitinda alianguka kazini. Anashona sare za shule kwenye kiwanda kidogo, wanawake kumi na wawili chumba kimoja, mashine zimepangwa safu mbili. Alicheka kidogo, na wenzake hawakuinua hata vichwa, kwa kuwa walishamzoea na jina walishampa, Chekacheka. Kisha akakodoa macho, akaporomoka kutoka kwenye kiti, mwili mzima ukaanza kutetemeka. Bahati yake msimamizi wao ni mama mwenye akili za haraka. Alisogeza viti, akamlaza ubavu, akamwekea rundo la kola za mashati chini ya kichwa, na mtu aliyekuja na kijiko cha kumtia mdomoni alifukuzwa na kijiko chake. Halafu akanipigia simu.

Hospitali ya kwanza walimpiga picha ya kichwa kwenye ile mashine ya duara, dakika tano tu, wakasema hawaoni kitu. Wakambandika waya kichwani kupima umeme wa ubongo, wakasema hawaoni kitu. Kwenye karatasi wakaandika kwamba ni kifafa ambacho chanzo chake hakijulikani, wakampa vidonge.

Shangazi, hayo maneno ya chanzo kutojulikana yalitukaa vibaya kuliko kifafa chenyewe. Daktari akisema hajui, mtaa mzima unajua. Mmoja akasema karogwa na mfanyakazi mwenzake. Mwingine akasema ana mapepo, ndiyo maana anacheka peke yake. Mama naye akaanza kujichunguza, eti alipokuwa na mimba ya Kitinda aliteleza kwenye ngazi akakalia tumbo. Alikuwa hajawahi kututajia ngazi hiyo. Aliibeba moyoni muda wote.

Vidonge vilibadilishwa mara tatu. Kuanguka kukapungua, lakini kucheka kuko palepale, mara tano kwa siku, siku nyingine mara kumi. Sisi wenyewe hatukuwaambia madaktari habari ya kucheka. Ungeanzaje? Unampeleka mtu hospitali kwa sababu hana adabu?

Mwezi wa tatu mwaka jana tukapelekwa kwa daktari bingwa wa ubongo. Ni mwanamke mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na anaongea polepole kama anayemsomea mtu imla. Hakutuuliza Kitinda ameanguka mara ngapi. Aliuliza, "Kabla ya kuanguka kunakuwa na nini?"

"Hakuna kitu," nikamjibu.

"Hakuna kabisa?"

"Anacheka tu kidogo."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Anachekaje?"

Mama akadakia, "Hiyo achana nayo, daktari. Ni tabia yake tangu utotoni. Tumemchapa mpaka tumechoka sisi."

Ndipo Kitinda akasema, bila kumwangalia yeyote kati yetu, "Mimi sicheki. Kinacheka chenyewe." Akashika juu ya tumbo. "Kinaanzia hapa, kinapanda, halafu mdomo unacheka. Mimi niko ndani nasubiri kiishe."

Nilimgeukia kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana. Hakuna aliyewahi kumuuliza, Shangazi. Tulikuwa tukimwuliza "unacheka nini," na hilo hakuwa na jibu lake. "Unachekaje" hakuulizwa na mtu.

Daktari akaniagiza nimrekodi kwa simu. Wiki nzima nilitembea na simu mkononi kama mpiga picha wa harusi. Nikapata vicheko kumi na vinne. Nilipovitazama nilipata aibu ambayo haijanitoka mpaka leo. Miaka yote, Kitinda akicheka, mimi nilikuwa naangalia watu wengine, nione nani ametuona. Uso wake sikuwahi kuuangalia. Kwenye simu niliuona. Mdomo unacheka, shingo imekuwa nyekundu, na macho, Shangazi, macho ni ya mtu aliyeshikwa na kitu asichoweza kukitoa. Sekunde ishirini, basi, anameza mate anaendelea na kazi.

Daktari alivitazama vyote kumi na vinne, kisha akaandika karatasi ya kwenda kwenye mashine kubwa ya sumaku, hospitali ya rufaa.

Hiyo mashine imetoboka katikati kama bomba la maji machafu, na inapiga kelele kama karakana yangu siku ya kazi nyingi. Nilitaka kuingia naye nimshike mkono. Mtaalamu wa picha, kijana mpole mwenye fomu, akaniuliza maswali ya mlangoni. Saa? Nimevua. Mkanda? Nimevua. Una chuma chochote mwilini? Sina. Kazi yako?

"Fundi wa kuchomea. Mageti, madirisha."

Akaacha kuandika. "Umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni?"

"Sasa fundi gani hajawahi?"

"Basi mzee, wewe kaa kwenye benchi. Sumaku hii ikiikuta chembe jichoni inaivuta."

Nikakaa kwenye benchi nikiwa nimeshika suruali, kwa sababu mkanda uko kwenye trei yao. Mama ndiye aliyeingia. Alitolewa pini tisa kwenye nywele, nyingine hata yeye alikuwa amezisahau. Walikaa humo karibu saa nzima. Alipotoka Mama alisema mashine ile inamgombeza mtu bila kupumzika, lakini Kitinda alilala kama gogo, maana aliambiwa asitikisike na yeye akiambiwa kitu na mtu anayemheshimu anafanya.

Baada ya siku nane tukaitwa. Daktari alituonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Ubongo wa Kitinda ulikuwa wa kijivu, umekatwa vipande vyembamba kama karatasi, na yeye anavipitisha kimoja kimoja kwa kidole. Alipofika katikati kabisa, chini, nyuma ya mahali mishipa ya macho inapopishana, akasimama. Palikuwa na kinundu. Ukubwa wake kama punje ya harage, si zaidi.

Akatueleza kwamba si saratani, hakikui, hakiendi popote. Ni kipande cha ubongo kilichojitengeneza vibaya Kitinda akiwa bado tumboni, kikakaa mahali pasipo pake, na kila mara kinatoa cheche za umeme. Cheche zikianza, mwili unacheka. Zikisambaa, anaanguka. Ile picha ya mwanzo ilikata vipande vinene, na sehemu ile imezungukwa na mifupa inayotia ukungu, kwa hiyo harage likapita bila kuonekana. Na waya za kichwani zinasikiliza juu juu, hazifiki chini kote huko.

Mama akauliza kuhusu ngazi. Aliuliza kwa sauti ndogo mno, hata daktari akamwomba arudie.

"Hapana, mama," daktari akamwambia. "Siyo ngazi, siyo ulichokula, siyo mtu. Ilitokea tu."

Mama akakunja mikono kwenye mapaja, akakaa. Sikumbuki lini nilimwona amekaa bila kushika kitu.

Kitinda aliomba kukisogelea kioo. Alikitazama kinundu, halafu akaniambia, "Kumbe kidogo hivi." Na mara baada ya hapo: "Kaka, Shangazi inabidi ajue. Aliondoka kwa sababu nilicheka. Mwandikie."

Nikamwambia nitakuandikia. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne mwaka jana. Leo ni mwezi wa tatu. Kwa nini nimekaa mwaka mzima nitakueleza, ila niache kwanza nimalize habari ya hospitali, kwa sababu nikiianza hiyo nyingine sijui kama nitaweza kurudi huku.

Daktari alisema kuona kinundu peke yake hakutoshi. Watu wengine wana vitu kichwani visivyo na madhara, wanazeeka navyo. Kabla mtu hajagusa sehemu nyeti kama ile, lazima ihakikishwe kwamba cheche zinaanzia hapo na si kwingine. Kwa hiyo kuna picha nyingine. Mgonjwa anakaa kitandani, sindano imeshaunganishwa kwenye mshipa, na ndani yake mna dawa yenye mionzi kidogo. Kifafa kikianza tu, sekunde hiyohiyo nesi anasukuma dawa, nayo inakimbilia mahali damu inapokwenda kwa wingi, inaganda hapo. Baadaye wanapiga picha, na mahali palipowaka ndipo penye kosa.

Maana yake, Shangazi, watu wazima wanne walikaa chumbani kumsubiri Kitinda acheke.

Tulianza saa mbili asubuhi. Nesi amekaa kwenye kiti pembeni ya mkono wake, glavu zimevaliwa, sindano iko kwenye kikasha kizito. Kamera ukutani. Mimi nimepewa kazi ya kuitazama shingo yake na kupiga kelele. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Mtu huyu anacheka kanisani, anacheka benki, alimcheka mwalimu mkuu akafukuzwa shule, na siku hiyo aliyotakiwa acheke amenuna kama askari wa zamu. Nesi akajaribu kumtolea vichekesho.

"Nesi, usijisumbue," Kitinda akamwambia. "Hicho unachonichekesha ni kicheko changu. Hiki kingine hakichekeshwi."

Saa nane ikapita. Dawa ile haikai siku nzima, ikifika jioni haina nguvu tena, na kuipata nyingine ni kusubiri wiki kadhaa. Kila mtu ameanza kuangalia saa ya ukutani. Nesi alikuwa anatusimulia jinsi mwenye nyumba wake anavyofungia bomba la maji, yuko katikati ya sentensi, nikaona wekundu unapanda shingoni.

"Anacheka!" nikapiga kelele. "Anacheka, anacheka!" Utadhani timu yangu imefunga bao.

Nesi alisukuma ile dawa kabla sijafunga mdomo. Kitinda akacheka sekunde zake ishirini, akanyamaza, akameza mate. Chumba kizima kikapiga makofi. Daktari wa zamu, nesi, fundi wa kamera, wote.

Kitinda akawatazama mmoja mmoja, machozi yakamtoka. Akasema, "Leo nimepigiwa makofi. Siku zote nilikuwa napigwa."

Picha ilipotoka, ubongo wote ulikuwa umefifia, na pale chini katikati palikuwa na nukta moja inayowaka. Ilikuwa palepale penye harage.

Mwezi wa kumi na mbili wakamfanyia upasuaji. Usifikirie kupasua fuvu. Walitoboa tundu dogo, unene wa kalamu, wakapitisha uzi mwembamba mpaka kwenye kinundu, wakakichoma kwa mwanga mkali, na muda wote yuko ndani ya mashine ya sumaku ili waone joto linafika wapi lisizidi. Mimi nimeishi kwa kuchomea, na nilipoelezwa habari ya kuchomea ndani ya kichwa cha mdogo wangu kwa vipimo vya nusu milimita, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za maegesho. Walituambia hatari zake wazi, kwamba anaweza kupoteza kumbukumbu, anaweza kupata kiu isiyokatika, anaweza kunenepa. Alisaini mwenyewe. Mama alitaka asaini yeye, Kitinda akamnyang'anya kalamu.

Wiki mbili za kwanza alikuwa anasahau. Unamwambia kitu asubuhi, mchana anakuuliza tena. Hiyo imepona, isipokuwa majina ya watu bado yanamponyoka. Vidonge bado anameza, na ataendelea navyo angalau mwaka. Kuanguka, hajaanguka tena. Kile kicheko, kwa miezi mitatu kimemjia mara nne. Daktari hakusema amepona. Alisema twende polepole, tuhesabu. Kitinda anahesabu kwenye kalenda ya jikoni, na hataki mtu mwingine aishike kalamu ya hapo.

Sasa Shangazi, nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Unakumbuka siku ya maziko ya marehemu mume wako, Mwalimu wetu. Udongo wa kwanza uliporushwa Kitinda akacheka. Watu wakageuka. Akacheka tena. Nikamvuta pembeni nikamzaba kofi. (Kitinda, ambaye ameshausoma ukurasa huu, anasema yalikuwa mawili. Basi yalikuwa mawili.) Wewe ukanisogelea, umeshikiliwa mikono na wanawake wawili, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto anacheka nini?"

Nami nikakujibu, "Hakuwahi kumpenda Mwalimu."

Wiki tatu baadaye ulihama, na tangu hapo hatujapata salamu yako.

Ilikuwa ni uongo, Shangazi. Nilijua ni uongo wakati naufungulia mdomo. Wewe unajua, na mimi najua, Kitinda alipofukuzwa shule darasa la tano ni nani alimkalisha kwenye meza ya sebuleni kwako, kila alasiri, miaka mitatu. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kitinda akishikwa na kicheko katikati ya kusoma, yeye anaweka kidole kwenye neno alilofikia, anatulia. Kikiisha, anaondoa kidole, wanaendelea na neno lilelile. Hakuwahi kumwuliza anacheka nini. Nadhani katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuwa ameanza kuelewa. Na mimi nikasimama juu ya kaburi lake nikasema hakupendwa na mtoto huyo.

Na kuna kibaya zaidi. Mwaka mmoja kabla ya maziko, nilimkuta Kitinda uani ameanguka, anatetemeka, povu mdomoni. Tulikuwa wawili tu. Nilimfuta uso, nikamsubiri azinduke, nikamwambia ameteleza. Nilijua kifafa ni nini. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa naposa, na pale makaburini, nyuma yako kabisa, walikuwa wamesimama wakwe zangu watarajiwa. Ulipouliza, nilikuwa na majibu mawili. Nilihofia wakisikia neno kifafa watakataa kuniozesha binti yao. Nikaona bora wasikie kwamba dada yangu ana roho mbaya.

Mwezi uliopita nilimwambia mke wangu yote haya. Aliendelea kukunja nguo. Kisha akasema, "Mama yangu aliona siku ileile. Tukiwa njiani kurudi alisema, yule binti ni mgonjwa na kaka yake ni mwongo." Nikamwuliza, sasa mbona mlikubali? Akasema, "Baba alisema una kazi ya mikono." Kwa hiyo hata nilichokuwa nakificha hakikufichika. Nilikupoteza wewe bure, na Kitinda alipoteza miaka mingine mitano bila tiba. Daktari ametuambia ingefaa atibiwe mapema.

Ndiyo maana sikukuandikia. Kila nikishika kalamu nikueleze kinundu, nafika makaburini, nasimama. Kitinda alipotoka chumba cha upasuaji, kichwa kimefungwa bandeji, jambo la pili aliloniuliza baada ya maji lilikuwa, "Ulimwandikia Shangazi?" Nikamwambia ndiyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya jambo lilelile.

Basi akawa anasubiri majibu yako. Januari nzima ananiuliza kama nimepita posta. Siku moja mwezi wa pili, anatia uzi kwenye sindano, akasema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Shangazi hajajibu. Basi hajanisamehe. Ni haki yake."

Hapo nikashindwa. Nilimweleza kila kitu, palepale, tangu uani mpaka posta.

Hakuongea nami siku nne. Alikuwa ananipakulia chakula, anaweka sahani mezani, anaondoka. Siku ya tano akaja karakana mchana, wateja wawili wako mlangoni. Nikazima mashine nikavua barakoa.

"Andika," akaniambia. "Andika kama ilivyokuwa. Na usimwambie Shangazi kwamba ulikuwa kijana. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, Shangazi.

Sijui atanisamehe lini. Anaongea nami sasa, ananituma dukani, jana alinitania kuhusu kitambi changu. Lakini akisikia nasema jambo lolote kwa mtu, hata bei ya geti, ananitazama kidogo, kupima. Nimemwachia apime.

Ndani ya bahasha utakuta nakala ya ile picha. Kinundu kimewekewa mshale na daktari mwenyewe. Kitinda amesisitiza uipate, anasema usiamini maneno yangu matupu, na hilo siwezi kulipinga. Nyuma ya picha ameandika kwa mkono wake jinsi ya kuishika ili isigeuke juu chini.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Ukitaka kukasirika, hasira ni haki yako, nimeielekeza tu kwa mwenye kosa. Ninachokuomba ni kimoja. Namba ya simu iliyo nyuma ya picha ni ya Kitinda. Yangu sijaiweka makusudi. Anamaliza kazi saa kumi na moja, na Jumapili yuko nyumbani siku nzima. Usinijibu mimi. Mpigie yeye, au mwandikie yeye, hata mstari mmoja. Amekusubiri akidhani kosa ni lake, na mimi nilimwacha adhani hivyo.

Nisalimie binamu yangu nesi na mumewe, na yule mdogo anayeendesha lori. Mwambie geti lake bado nalikumbuka. Wabusu wajukuu, hata wale nisiowajua majina. Mama anasema uache kukaa kwenye baridi, na kwamba chumba chako cha nyuma amekipaka rangi mwaka jana bila kumwambia mtu ni kwa ajili ya nani.

Mungu akupe afya, akulaze salama, akuamshe salama, na marehemu Mwalimu azidi kumpumzisha pema.

Wako akupendaye, aliyechelewa miaka sita kukwambia ukweli,

Mtoto wa kaka yako,
Fundi.